UZI: Erori za "takes 1 positional argument but 2 were given" – usihesabu ulichoandika, tafuta nani kaongeza

Mwanzisha uzi (Mbale)

Wakuu na wadada, salamu kutoka huku chini ya Elgon. Nafungua huu uzi kwa sababu kila mara kwenye magrupu ya Wasap mtu anatupia picha ya skrini, maandishi mekundu, halafu anauliza mbona nimeweka kitu kimoja naambiwa vimefika viwili. Na majibu anayopewa yananiuma kuliko swali lenyewe: "ongeza *args hapo kaka itanyamaza", "weka =None uendelee na kazi" (*args ni nyota inayopokea vyote vinavyozidi, =None ni kukipa kinachokosekana thamani tupu). Itanyamaza kweli, lakini wengi wetu humu tunaandika kwa lugha ya Python programu za SACCO, za kupimia kahawa ya wakulima, za mawakala wa mobile money, yani hela za watu, na programu iliyonyamazishwa namna hiyo ndiyo inayokuja kukata hela ya mama wa watu bila hata kupiga kelele. Naomba tulifungue hili jambo hapa taratibu, mwenye erori yake ailete na kodi yake (code aliyoandika, si ushuru) tuitazame.

Jambo lenyewe ni moja. Ile namba unayoiona kwenye erori haihesabu ulivyoandika wewe ndani ya mabano, inahesabu vilivyofika kwenye fankisheni. Kati ya kuandika na kufika kuna wengine wanaoweka mkono, Python yenyewe, laibrari, dekoreta (ile ya @ inayofunika fankisheni nyingine), hata koma. Kwa hiyo ukiona hesabu haikubali usikimbilie kupunguza na kuongeza agumenti (vile vitu unavyoipa fankisheni ndani ya mabano) mpaka ikubali, uliza nani kaongeza au nani kachukua moja.

Tuanze na ile ya wote:

```
class Sacco:
    def weka(kiasi):
        print("Umeweka", kiasi)

s = Sacco()
s.weka(50000)
```

`TypeError: Sacco.weka() takes 1 positional argument but 2 were given`

Umeandika 50000 peke yake, sawa. Lakini ukiita kitu kupitia nukta, `s.weka(50000)`, Python inakigeuza kuwa `Sacco.weka(s, 50000)`, inatanguliza s yenyewe mbele, kwa hiyo vimefika viwili na mlango wako una nafasi ya kimoja. Unatakiwa kuandika `def weka(self, kiasi)`. Kama hiyo fankisheni haihitaji kujua ni akaunti ipi basi weka `@staticmethod` juu yake, hapo Python haitangulizi kitu.

Angalia pia jina kwenye erori, limeandikwa `Sacco.weka()`, lina nukta. Kuanzia Python 3.10 erori za aina hii zinataja na klasi, zamani zilikuwa zinasema `weka()` tu. Mimi nikiona nukta kwenye jina la erori, kitu cha kwanza kwenye kichwa ni self.

Sasa kinyume chake, hii inasumbua zaidi. Umeshaandika self vizuri kabisa halafu unapata:

`TypeError: Sacco.weka() missing 1 required positional argument: 'kiasi'`

Na unaangalia, kiasi kipo, umekiandika, 50000 ile pale. Shida iko mistari kadhaa juu, uliandika `s = Sacco` ukasahau mabano. Hapo s si akaunti, s ni klasi yenyewe, kwa hiyo ukisema `s.weka(50000)` hakuna wa kutangulizwa, 50000 inaenda kukaa kwenye nafasi ya self na kiasi kinabaki mtupu. Python inalalamikia kiasi kwa sababu ndicho kilichobaki bila kitu, lakini aliyekosekana ni self. Watu wanaangalia jina lililotajwa kwenye erori kama ndilo lenye kosa, na hapo ndipo wanapopotea.

---

Wa Gulu

Asante mzee kwa uzi. Mimi yangu inasema `Mkulima() takes no arguments` na __init__ ninayo, naiona kwa macho yangu, inapokea jina na kijiji. Nimefuta nimeandika upya bado.

---

Mwanzisha uzi

Ssebo hiyo naijua bila hata kuona kodi yako ila itume tu.

---

Wa Gulu

```
class Mkulima:
    def _init_(self, jina, kijiji):
        self.jina = jina
        self.kijiji = kijiji
```

---

Mwanzisha uzi

Hesabu mistari ya chini kila upande. Inatakiwa miwili mbele na miwili nyuma, `__init__`, wewe una mmoja mmoja. Kwa Python hiyo yako ni methodi ya kawaida tu yenye jina la ajabu, haijui kwamba ndiyo ya kuzaa kitu kipya, kwa hiyo inatumia ile ya asili ambayo haipokei lolote, ndiyo maana inakuambia klasi haichukui agumenti. Kuna fonti, hasa kwenye simu, mistari miwili inaungana inaonekana mmoja mrefu, na huko Wasap mstari wa chini unatumika kulaza maandishi kwa hiyo usiamini kodi iliyopita huko bila kuikagua. Wengine wanaandika `__int__`, wanaruka i moja, erori inatoka hiyohiyo. Na wengine __init__ iko sawa kabisa ila imeingia ndani mno, imekuwa chini ya methodi nyingine badala ya kuwa chini ya klasi.

---

Wa Gulu

Imekubali. Mungu akubariki mzee, nilikuwa nakaribia kuacha.

---

Dada wa Kampala

Mimi sina klasi wala self na bado inanizidishia. Nina fankisheni ya wakala, inatoa hela na kukata ule ushuru wa asilimia 0.5 wa kutoa pesa kwa simu. Nikijaribu na 50000 inakubali, nikijaribu na milioni moja na robo inasema `takes from 1 to 2 positional arguments but 3 were given`. Hela ikiwa kubwa inakataa?? Ndiyo hii:

```
def toa(kiasi, ushuru=0.005):
    return kiasi + kiasi * ushuru

print(toa(50000))
print(toa(1,250,000))
```

---

Mwanzisha uzi

Nnyabo asante sana kwa kuleta hii, hii ndiyo erori ambayo kila anayefanya kazi na shilingi yetu lazima aielewe, maana sisi hela zetu zina sifuri nyingi na mkono umezoea kuweka koma kila baada ya tarakimu tatu.

Kwenye daftari 1,250,000 ni namba moja. Kwenye mabano ya Python koma inatenganisha agumenti, basi. Kwa hiyo ulichotuma ni vitu vitatu: 1, halafu 250, halafu 000 ambayo Python inaisoma kama sifuri. Vimefika vitatu, mlango unapokea kimoja mpaka viwili kwa sababu ushuru una thamani yake ya akiba. Ndiyo maana ya "from 1 to 2", ya chini ni vile vya lazima, ya juu ni pamoja na vya hiari.

Lakini naomba uangalie kitu kibaya zaidi ya hicho. Jaribu kuandika `toa(50,000)` na koma yake. Haitatoa erori yoyote! Vitafika viwili, kiasi kitakuwa 50 na ushuru utakuwa 0, na fankisheni inapokea mpaka viwili, kwa hiyo inaendelea na kukurudishia 50. Mteja katoa elfu hamsini, programu yako imerekodi shilingi hamsini na ushuru sifuri, na skrini ni safi kabisa. Hii ndiyo sababu nasema erori ya hesabu ya agumenti ni rafiki, ile ya milioni na robo imekulinda na hii ya elfu hamsini imepita.

Na ukiandika 1,050 unapata erori nyingine tofauti kabisa, inasema `leading zeros in decimal integer literals are not permitted`, kwa sababu 050 haikubaliki kuanza na sifuri. Watu wanaona hiyo wanadhani ni ugonjwa mwingine, ni koma ileile.

Ukitaka namba isomeke, Python tangu 3.6 inakubali mstari wa chini katikati ya namba, `1_250_000`, ni namba moja na jicho linaona mamilioni. Halafu ningekuwa wewe ningeifunga hiyo fankisheni hivi:

```
def toa(kiasi, *, ushuru=0.005):
```

Ile nyota peke yake maana yake kila kilicho baada yake lazima kitajwe kwa jina, `ushuru=0.005`, hakiwezi kuingia kwa bahati mbaya kupitia koma. Sasa `toa(50,000)` itakataa palepale, `takes 1 positional argument but 2 were given`. Hiyo ni erori unayotakiwa kuifurahia.

---

Dada wa Kampala

Kaka nimejaribu toa(50,000) ya mwanzo ikatoa 50 kweli, nimeshtuka sana. Nimeweka nyota kwenye fankisheni zote za hela.

---

Wa Mbale mwingine

Jirani na mimi hiyohiyo ya "from 1 to 2" lakini ya pandas, ile laibrari ya majedwali ya data. Nina faili la kahawa, nataka kuondoa safu ya unyevu, nafuata somo moja la zamani neno kwa neno: `df.drop("unyevu", 1)`. Nimeandika viwili inasema vitatu. Mwenye somo kwake ilikubali.

---

Mwanzisha uzi

Kwake ilikubali kwa sababu alikuwa na pandas ya zamani. Vitatu ni hivi: df yenyewe inatangulia kama self, "unyevu", na 1. Zamani hiyo 1 iliruhusiwa kuingia kama axis kwa nafasi. Pandas 2.0 iliyotoka Aprili 2023 ikaweka ile nyota niliyomwambia dada hapo juu, kwa hiyo baada ya labels kila kitu kinatajwa kwa jina. Andika `df.drop("unyevu", axis=1)` au vizuri zaidi `df.drop(columns="unyevu")`, hata anayesoma baadaye anaelewa unaondoa nini. Ndugu yake ni `df.pivot("wilaya", "mwezi", "kilo")` ambayo sasa inasema inachukua 1 vimefika 4, nayo taja majina: index, columns, values.

Tafadhali usishushe pandas irudi ya zamani ili somo likubali. Naona watu wanashauriana hivyo. Unajifungia nje ya kila kitu kipya kwa ajili ya neno moja.

---

Wa Arua

Wakubwa nina kitu ambacho sijawahi kukiona. Natuma ujumbe kwa wakulima wa wilaya mbalimbali, kila wilaya kwenye uzi wake wa threading (kazi zinazoendeshwa sambamba) ili isisubirishane. Fankisheni inapokea kitu kimoja, jina la wilaya. Na namba kwenye erori inabadilika! Nikiweka Arua inasema 4 were given. Mbale inasema 5. Kabale 6. Nikajaribu Nakapiripirit ikasema 13. Halafu nikifuata mistari ya erori inanipeleka kwenye faili linaitwa threading.py ambalo mimi sijaliandika. Nisaidieni.

```
import threading

def tuma(wilaya):
    print("Natuma kwa wakulima wa", wilaya)

t = threading.Thread(target=tuma, args=("Nakapiripirit"))
t.start()
```

---

Mwanzisha uzi

Kaka umefanya kitu cha maana sana hapo bila kuambiwa, umebadilisha ulichoingiza ukaangalia namba inafanyaje. Hiyo ndiyo kudibagi. Sasa hesabu herufi: Arua nne, Mbale tano, Kabale sita, Nakapiripirit kumi na tatu.

Umeona?

args inataka mfuko wa agumenti, halafu Thread inaufungua mfuko na kumwaga kila kilichomo kwenye fankisheni yako, kimoja kimoja. Wewe ulidhani mabano ya `("Nakapiripirit")` yametengeneza mfuko wenye kitu kimoja. Hayajatengeneza. Kwenye Python mabano peke yake hayafanyi tupli (ndio huo mfuko), koma ndiyo inayofanya tupli, kwa hiyo hapo ulichotuma ni maandishi tu, na maandishi nayo yanaweza kumwagwa, yanamwagika herufi kwa herufi. tuma imepokea N, a, k, a, p, i, r, i, p, i, r, i, t. Vitu kumi na tatu.

Weka koma: `args=("Nakapiripirit",)`. Au kama hiyo koma inayoning'inia inakukera tumia orodha, `args=["Nakapiripirit"]`, hapo huwezi kukosea.

Kuhusu threading.py: fankisheni yako haikuitwa na mstari wako, iliitwa na laibrari baadaye, ndani ya uzi mpya, ndiyo maana kwenye ile tresibaki (mistari ya erori inayoonyesha nani kamwita nani) mstari wako wa `Thread(...)` haumo kabisa, mwisho unaona `self._target(*self._args, **self._kwargs)` ya humo ndani. Zile nyota ndizo zinazomwaga. Ukiona tresibaki inaishia kwenye faili la laibrari na hesabu ya agumenti imekataa, rudi pale ulipoikabidhi laibrari fankisheni yako, kosa liko kwenye makabidhiano. Na erori ndani ya uzi haisimamishi programu yote, kazi nyingine inaendelea na maandishi mekundu yanapita juu, kwa hiyo unaweza kudhani wilaya zote zimepata ujumbe kumbe hakuna hata moja.

Mwenye sqlite (hifadhidata) naye achukue hapa hapa. Ukiandika `execute("SELECT * FROM wakulima WHERE wilaya = ?", ("Arua"))` utapata `Incorrect number of bindings supplied. The current statement uses 1, and there are 4 supplied.` Ni koma ileile, herufi zilezile nne.

---

Wa Arua

Yani nilikuwa nimeshaanza kufuta Python niweke upya. Koma! Asante mwalimu, imetuma wilaya zote.

---

Wa Jinja

Mzee umesema *args ni mbaya, lakini iko kwenye lugha, waliiweka kwa sababu. Mimi naitumia kwenye dekoreta yangu ya kurekodi kila muamala na inafanya kazi vizuri, kabla sijaitumia ndiyo ilikuwa inanisumbua.

---

Mwanzisha uzi

Uko sahihi ssebo na nilitakiwa kutofautisha mapema. *args mahali pake ni pale unapopokea mzigo wa mwingine na kumpelekea wote kama ulivyo, kama dekoreta:

```
from functools import wraps

def rekodi(f):
    @wraps(f)
    def ndani(*args, **kwargs):
        print("naita", f.__name__)
        return f(*args, **kwargs)
    return ndani
```

Hapo hakuna kinachopotea, vikizidi au vikipungua f halisi ndiyo itakayolalamika. Ninachokipinga ni kuiweka ili kumeza. Mfano ambao kweli unaniumiza: mtu ana `toa(ada, kiasi)`, akaamua ada iondoke, akaandika upya `toa(kiasi)`, lakini sehemu moja ya programu bado inaita `toa(1500, 50000)`. Erori ikatoka, vimefika viwili. Kwenye grupu akaambiwa aweke `def toa(kiasi, *chochote)`. Erori ikaondoka. Sasa kiasi ni 1500, na 50000 imeingia kwenye *chochote na hakuna anayeisoma. Mteja kaondoka na elfu hamsini, kitabu kimekata elfu moja na mia tano. Siku ya kufunga hesabu wanamshika msichana wa kaunta, na yeye hajui hata Python ni nini. Tafadhali sana wakuu, msimpe mtu ushauri huo.

Na wewe wa Jinja, kuna mtego kwenye dekoreta ambao nataka uujue. Kama ungeandika `def ndani(kiasi)` badala ya *args, halafu ukaiweka juu ya fankisheni ya vitu viwili, erori ingekuja na hesabu ya `ndani`, lakini kwa sababu ya wraps, kwenye Python 3.10 kwenda mbele jina lingeandikwa la fankisheni yako ya asili. Kwa hiyo unaona `toa() takes 1 positional argument but 2 were given`, unafungua toa, unakuta inapokea viwili vizuri kabisa, unachanganyikiwa. Jina la toa, hesabu ya ndani. Ukiona def yako na erori haviendani kabisa, tazama juu ya def kama kuna @ yoyote.

---

Mwanafunzi, Wandegeya

Sisi shule tunafundishwa Java na PHP, hii inatuhusu?

---

Mwanzisha uzi

Java inakukatalia kabla programu haijaanza, wakati wa kukompaili, inakuandikia `actual and formal argument lists differ in length` na juu yake inaorodhesha ilichotaka na ilichokuta, required na found. Soma hizo mistari miwili sambamba, basi, huko hakuna mafumbo mengi.

PHP ndiyo ya kuangalia. Tangu 7.1 fankisheni uliyoandika mwenyewe ikipungukiwa inarusha ArgumentCountError:

`Too few arguments to function lipa(), 1 passed in /var/www/html/index.php on line 12 and exactly 2 expected`

Hiyo imekutajia faili na mstari wa aliyeita, zawadi kubwa. Lakini mwishoni kabisa inaandika tena "thrown in" na faili jingine, na hilo la mwisho ni pale fankisheni ilipoandikwa. Wanafunzi wanafungua hilo la mwisho kwa sababu ndilo lililo karibu na macho, wanakaa kuikarabati fankisheni nzima wakati kosa liko index.php mstari wa 12. Soma palipoandikwa "passed in". Na ujue kwamba vikizidi PHP haisemi kitu kwa fankisheni zako, inavitupa tu, inalalamika kwa zile zake za ndani kama strlen.

JavaScript ndiyo haisemi kabisa, vikizidi vinatupwa, vikipungua vinakuwa undefined na ukijumlisha unapata NaN (yani si namba). Ukitaka kuona mwenyewe fungua konsoli uandike `["1","2","3"].map(parseInt)`, utapata 1, NaN, NaN, kwa sababu map inapeleka vitu vitatu kila mara, thamani, nafasi yake na orodha nzima, na parseInt inaichukua ile nafasi kama msingi wa kuhesabia. Swali ni lilelile, nani kaongeza. Wa Tkinter (laibrari ya madirisha na vitufe) nao wajue `bind` inapeleka tukio kwa fankisheni yako na `command` ya kitufe haipeleki kitu, na wa Django (ya kujenga tovuti) kila view inapokea request hata kama huitumii.

---

Wa Soroti

Habari zenu. Nimesoma uzi wote kwanza kabla ya kuuliza. Mimi nimebadilisha def yangu ikapokea vitu vitatu, jina, kilo, bei. Nimehifadhi faili. Naendesha, `andika() takes 2 positional arguments but 3 were given`. Hakuna klasi, hakuna dekoreta, hakuna koma ndani ya namba. Nimefunga kompyuta nimewasha tena. Ileile.

---

Mwanzisha uzi

Umeuliza vizuri dada/kaka, umeshaondoa nusu ya kazi. Kama def unayoiona inapokea vitatu na Python inasema viwili basi mnaangalia fankisheni mbili tofauti zenye jina moja. Muulize yenyewe inaitoa wapi. Juu kidogo ya mstari unaokataa weka hii:

```
import inspect
print(inspect.signature(andika))
print(andika.__code__.co_filename, andika.__code__.co_firstlineno)
```

Ya kwanza inakuonyesha mlango unaopokea nini, ya pili faili na mstari ulipoandikwa. Wenye klasi, ukitumia signature kwenye `s.weka` itaondoa self na kukuonyesha vilivyobaki, kwa hiyo yule aliyesahau self ataona mabano matupu `()` na ataelewa hapohapo. Wenye dekoreta iliyo na wraps, signature itawaonyesha ya asili kwa hiyo wao waamini `__code__` zaidi, hiyo haidanganywi na wraps.

Kama uko kwenye Jupyter, huenda hujaiendesha upya ile seli yenye def, basi kumbukumbu bado ina ya zamani.

---

Wa Soroti

Siko Jupyter. Imetoka hivi:

`(jina, kilo)`
na faili ni lilelile langu, mstari wa 88. Lakini mimi naihariri iliyo mstari wa 31.

---

Mwanzisha uzi

Basi nenda 88, uko na `def andika(jina, kilo)` nyingine huko chini. Python haina kuchagua kwa idadi ya agumenti kama Java, majina yakigongana ya chini inafuta ya juu, na hakuna onyo lolote.

---

Wa Soroti

Ipo! Niliikopi kutoka faili la msimu uliopita ikaja pamoja na vitu vingine. Nimeweka alama ya reli (#) mbele ya mistari yake imekubali. Niiache hivyo?

---

Mwanzisha uzi

Ifute kabisa. Halafu tafuta humo ndani `andika(` yote, uhakikishe hakuna sehemu inayoiita kwa vitu viwili ikitegemea hiyo ya 88, hasa kwenye kurasa za bei. Zikiwepo zitakuambia zenyewe ukiendesha, bei itakuwa inakosekana, usiipe =None, ipe bei.